Kopo la Hadija Lililoishia Kwenye Pilau

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya Alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakungoja uitikie kwanza ndipo niendelee, kama tulivyozoea.

Goti linasemaje? Uliniambia limevimba tena tangu mvua zianze. Fatu akukande kwa maji ya moto yenye chumvi, na asikuache ukichuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja, fundi amelirudia? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Nikieleza uzima wangu zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Fatu mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Nakuomba usiruke mstari, hata ukiona unamuumiza. Na kabla hujaenda mbele, mtume Mwanaidi kwa jirani akaombe kitu chochote. Nikifika mahali anapotakiwa kusikia nitakwambia umwite.

Mama, naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga, simu yako imewekwa sauti kubwa juu ya meza, na Shangazi Mwanahija yuko pembeni anajibu kabla yako. Alhamisi ulinipigia unacheka. Ulisema, "Mbaraka mwanangu, huyu somo yangu Mwanaidi kanishinda. Nampa chai na vitumbua vya moto, hataki. Analilia uji wa bakuli jekundu. Mtoto wa mjini analilia kiporo!" Nikamsikia Shangazi nyuma yako, "Si ndivyo alivyozoeshwa na baba yake." Mkacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka, mzigo wa mabeseni unashushwa, wachukuzi wananipigia kelele nisogee. Nikasogea. Nikakwambia, "Sawa Mama, tutaongea." Maongezi yenyewe ndiyo haya.

Nianze na hicho mnachokiita kiporo. Inaitwa oti. Ni nafaka kama shayiri, wameiponda ikawa bapa. Mimi na marehemu mke wangu Hadija hatukuwa tunaijua. Aliyetuonyesha ni Bi Shamsa mwenye nyumba wetu, yule mama wa Kiarabu uliyemwona amekaa kwenye kiti cha kamba ukumbini. Yeye ana sukari, na daktari wake ndiye aliyemwambia ale hivyo.

Unamjua Hadija alivyokuwa. Mtu wa kuamka kabla ya adhana, ukifungua macho unakuta chapati imeshaiva na chai imeshachemka. Daktari alipotuambia moyo wake umetanuka, tulidhani ni maneno ya hospitali tu. Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Akisimama mbele ya jiko pumzi inakata, moshi kidogo tu unambana kifua. Na mimi kazi yangu unaijua, lazima niondoke gizani, maana magari ya mzigo huingia Kariakoo kabla watu hawajajaa barabarani. Basi Mwanaidi akawa anaenda shule na njaa, au anapita kwa mama wa pale kona anauziwa andazi. Siku moja Hadija alimwona kupitia dirisha, anatembea huku anakula andazi lililofungwa kwenye gazeti. Aliniambia jioni, "Mimi niko hai, na mwanangu anakula njiani kama hana kwao." Ugonjwa haukumliza. Hilo lilimliza.

Ndipo Bi Shamsa akapita mlangoni kwetu na kibakuli chake. "Hadija, hebu onja."

Hadija akaonja, akakunja uso. "Bi Shamsa, hii si chokaa?"

"Ndiyo aliyoniandikia daktari, mwanangu. Haina ladha, lakini haina jiko. Unailaza kwenye maziwa, ukiamka unakula."

Hadija akabaki na kijiko mdomoni. "Haina jiko," akarudia, taratibu. Halafu akasema, "Ladha niachie mimi."

Alinituma viungo. Iliki, mdalasini wa magome, kungumanga, karafuu chache, tangawizi kavu. Alivisaga akiwa amekaa kitandani, kinu kidogo amekibana katikati ya magoti, Mwanaidi anachekecha kwenye kitambaa. Nilimuuliza anatia kiasi gani cha kila kimoja. Akasema, "Natia mpaka pua iseme basi." Alijaza kopo zima, lile la maziwa ya unga lenye kibonyeo ubavuni. Kila jioni tukishaswali Magharibi aliniita nikae pembeni yake na vile vibakuli vya plastiki vya dukani kwetu vyenye mifuniko. Chekundu cha Mwanaidi, cha buluu changu, cha kijani chake. Anatia oti, maziwa, mtindi kidogo, zabibu, tende aliyoikatakata, kisha kijiko cha kopo. Mimi kazi yangu kukoroga.

"Baba Mwanaidi, unakoroga kama unachanganya zege. Hii si nguzo ya ghorofa."

Mwanaidi alicheka mpaka akaanguka kitandani. Tangu siku hiyo akawa ananiita Fundi Zege.

Nilipoona ananifundisha kila hatua nikaanza kuhuzunika, na yeye akaniona. Akasema, "Sikufundishi kwa kuwa nakufa. Nakufundisha kwa kuwa kila siku unaniachia mimi vyombo." Akanisukumia vijiko nikavioshe.

Mengine unayajua, ulikuja kuzika. Ambalo hulijui ni kwamba baada ya maziko mwanangu hakula kitu kingine. Majirani walileta wali, wakaleta mikate ya kumimina, wakaleta supu. Alikuwa anagusa tu. Asubuhi ndiyo alikula, kwenye bakuli lake jekundu, na alilimaliza. Kabla hajala huweka pua kwenye bakuli kwanza. Mimi sikumwuliza kwa nini. Na kwa kuwa niliona kopo linapungua, nikaacha kutia kijiko, nikawa natia ncha ya kijiko. Langu nililikoroga bila viungo kabisa. Bi Shamsa alisema kweli, ni chokaa. Lakini nilitaka kopo la Hadija lifike mbali.

Sasa nafika siku ya hitima ya arobaini. Fatu, soma taratibu hapa.

Mlifika asubuhi na basi, wewe Mama na Shangazi na Baba Mdogo na akina mama wengine. Shangazi alifungua friji la ukumbini kutafuta maji ya baridi, akakuta bakuli jekundu. Akafungua mfuniko. Akaita ukumbi mzima.

"Njooni muone wenyewe! Uji mbichi! Umelala humu, hata moto haujauona. Hivi ndivyo analishwa mtoto wa kaka yangu?"

Hata aliposema mtoto wa kaka yake sikuelewa kama ananisema mimi au Mwanaidi. Mama mmoja akasema, "Paka wa kwetu hapewi hivyo." Wakacheka. Bi Shamsa akajaribu kuwaeleza akiwa kwenye kiti chake, "Hiyo ndivyo inavyoliwa, wanangu, hata mimi nakula."

"Kwenu labda, Bi Shamsa," Shangazi akamjibu. "Sisi watoto wetu tunawapikia."

Mama, ulilichukua lile bakuli mkononi mwa Shangazi, ukatoka nalo uani, ukamwaga karoni. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, nilikuona. Hukuwa na ubaya usoni. Ulilisuuza vizuri, ukalifuta kwa pembe ya kanga yako, ukalirudisha juu ya friji. Namna ulivyolifuta ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Ungelitupa kwa hasira ningekuwa na la kusema.

Mimi nikaenda kukaa na wanaume nje, chini ya turubai, kisomo kikaanza. Nyuma huko uani wapishi walikuwa wameshainjika sufuria kubwa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba bizari ilipungua, na mwenye kutumwa dukani akachelewa, kwa hiyo Shangazi akaingia chumbani kwetu kutafuta. Hakuiba. Nyumba yenye msiba kila mwanamke wa familia anaingia anakotaka na anachukua anachotaka, ndivyo tulivyo. Akalikuta kopo dirishani, akanusa, akafurahi.

Sinia lilipokuja nikatia tonge. Nikasikia iliki. Halafu, nyuma ya iliki, kungumanga na ule ukali mdogo wa tangawizi. Mkono wangu ukasimama. Wanaume walionizunguka walikuwa wanasifu. "Pilau la leo limekolea!" "Huyu mpishi apewe zawadi!" Baba Mdogo analamba vidole, ananiuliza, "Mbaraka, bizari ya wapi hii?" Walikuwa wananitazama, na lile tonge lilikuwa mdomoni. Nililimeza. Nikanawa, nikasema naenda kuongeza maji ya kunawa.

Uani nikalikuta kopo limeinamishwa kwenye ukingo wa karo. Lilikuwa limekung'utwa.

Mwanaidi alikuwa amesimama pembeni ya sinia la akina mama, mikono nyuma. Aliponiona akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kopo la mama liko kwenye wali."

Shangazi akamshika bega. "Kaa ule, mjukuu wangu. Ni sadaka ya mama yako."

"Ni la kwangu. Mama alinisagia mimi."

"Kula, usitutie aibu."

Ndipo akalisukuma sinia kwa mguu. Wali ukamwagika mkekani, mbele ya wageni. Nakumbuka mama mmoja akishika kichwa, "Astaghfirullah, chakula cha hitima!" Mwanaidi akakimbilia chumbani. Mimi nikainama kuuzoa ule wali kwa mikono, maana ilikuwa lazima mtu auzoe.

Na Alasiri ikafika, mkakaa kikao mkekani. Shangazi akasema mwanaume hawezi kulea mtoto wa kike, kwamba namlisha viporo, kwamba mtoto ameshaharibika, anamwaga chakula cha marehemu mama yake. Nikasema, "Mama, ile siyo kiporo. Na lile kopo…" Baba Mdogo akanikata, "Mbaraka! Wakubwa wanaongea." Nilikutazama wewe. Ulikuwa unakunja gauni la shule la Mwanaidi, ukalitia kwenye mfuko pamoja na viatu vyake. Hukuinua uso. Ulisema tu, "Akae na mimi mpaka shule zifunguliwe, halafu tutaona." Bakuli jekundu mliliacha juu ya friji.

Mama, naomba nikukumbushe jambo, na unisamehe ikiwa nakosa adabu.

Baba alipokufa mimi nilikuwa mdogo kuliko Mwanaidi wa leo, na Fatu alikuwa bado unambeba mgongoni. Ulikuwa unatoka gizani kwenda kuvuna muhogo shambani kwa watu. Kabla hujalala ulikuwa unaniwekea muhogo wa nazi kwenye sahani ya buluu iliyobanduka rangi, unaifunika kwa kawa, unaiweka juu ya mtungi ili ipate ubaridi. Nikiamka hupo, lakini kawa lipo. Nilikuwa nalifunua polepole kwa sababu nilipenda lile tui lililoganda juu. Mpaka leo sijala kitu kitamu kuliko hicho. Hicho kilikuwa kimelala, Mama. Kilikuwa cha baridi. Hakuna aliyesema mtoto analishwa kama paka.

Ila alikuja mtu. Alikuja Shangazi Mwanahija, huyuhuyu, amejifunga kanga kiunoni, akasema mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na mwanamke anayeshinda mashamba ya watu. Wewe hukubishana. Ulikwenda ukakaa kizingitini, ukanyoosha miguu kutoka ubao mmoja wa mlango mpaka wa pili. Ukamwambia, "Wifi, ukimtaka, niruke." Na kwetu nani anamruka mtu mzima aliyenyoosha miguu? Shangazi alisimama ndani mwetu mpaka jua likageuka. Mwisho akakuomba wewe umpishe, atoke mikono mitupu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wako, nimeshika kanga yako. Nakumbuka ilikuwa na maua ya zambarau.

Siku ya hitima nilikuwa na mlango. Nilikuwa na kizingiti. Lakini aliyekuwa anatoka na mwanangu ni wewe. Ningekaaje chini nikakwambia wewe uniruke? Nilisogea pembeni, nikawabebea mfuko mpaka kwenye basi. Shangazi alishindwa kwako miaka yote hiyo, Mama, na wewe ndiye uliyekuja kumfanyia kazi yake.

Nimeshasema. Sitalirudia hili nikiwa mbele yako.

Sasa mizigo. Kwenye boksi alilokuletea kondakta mna mfuko wa oti, zabibu, tende, bakuli jekundu, na karatasi ya viungo niliyoifunga kwa uzi mweupe. Huko hamna friji, kwa hiyo usilaze na maziwa, joto litayachachusha. Jioni chemsha maji, yaache yapoe kabisa, loweka oti, yaifunike tu kidogo, tia tende na chembe ya chumvi, na viungo ncha ya kijiko. Funga mfuniko, liweke bakuli ndani ya sufuria yenye maji, pale pale pembeni ya mtungi ulipokuwa unaniwekea muhogo. Asubuhi ndiyo utie maziwa, au tui uliloliinjika likapata moto. Ndizi mbivu ikiwepo mkatie juu. Usipike. Najua mkono wako utataka kupika. Usipike.

Fatu, sasa mwite Mwanaidi, akae karibu.

Mwanangu, hujambo? Ni baba, Fundi Zege. Nimekoroga sana siku hizi, na sasa hivi hata Bi Shamsa anasema mkono wangu umelainika. Anakusalimia, anasema kiti kidogo cha pembeni yake hakuna anayekikalia. Ile karatasi ya uzi mweupe nimesaga mwenyewe kwenye kinu cha mama. Nimezunguka kwa wauza viungo wote wa sokoni, nimenusa mpaka wananikimbia wakiniona. Nimeonja mpaka ulimi umekufa ganzi. Mara naona ni yenyewe, mara naona siyo. Bi Shamsa naye hajui, yeye alizoea chokaa yake. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyebaki anayeijua, na ni wewe. Kesho asubuhi weka pua kwanza kama unavyofanya. Kama siyo yenyewe, sema siyo. Usimwonee baba huruma. Tutasaga nyingine, wewe utachekecha. Kopo la mama liko dirishani mahali pake. Sijaliosha.

Mama, mwache akae hapohapo, haya yaliyobaki anaweza kuyasikia. Nimeongea na tajiri wangu dukani, amenikubalia nianze kazi baada ya mtoto kuvuka barabara kwenda shule. Bi Shamsa amesema Mwanaidi atakuwa anakula asubuhi ukumbini mbele ya macho yake. Ijumaa kabla shule hazijafunguliwa nitakuja. Nataka nimkute amesukwa na viatu vyake vimepigwa rangi.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie sikumkasirikia. Wasalimie jirani zetu wote waliokuja kunihani. Fatu, wewe nimekuwekea vitenge viwili chini ya boksi, cha kijani ni cha mkwe wako. Shangazi Mwanahija naye msalimieni. Mwambieni pilau lilikuwa zuri, kila mtu alilisifu.

Nikifika, Mama, sitaingia ndani moja kwa moja. Nitakuamkia, nitanawa miguu, halafu nitakaa kizingitini kwako, pale pale ulipokaa wewe. Sitaongea. Nitanyoosha miguu. Wewe ukitaka kupita kwenda jikoni, uniambie nikupishe, nami nitakupisha. Lakini anayetaka kunizuilia mwanangu itabidi aniruke.

Mwanao akupendaye,
Mbaraka, Baba Mwanaidi